Kigingi Kisichoulizwa

Mtu anayejua bei akiingia dukani akakubali tamko la kwanza, huwa nafunga mdomo na kumtazama vizuri. Ama ana msiba, ama ana siri. Mama Nyundo alikuwa mteja wangu kwa miaka ishirini na miwili. Alinunua kwangu nondo, kamba, tindo na risasi ya kuyeyusha, na sikumbuki siku hata moja aliyokubali nilichotaja. Alikuwa na mtindo wake: anakiinua kitu, anakitazama kama amekiokota njiani, kisha anasema, "Na hiki nacho unakiita chuma?" Hapo ndipo tulipoanzia.

Asubuhi ile aliingia, akachagua nondo nene kuliko zote, akaigonga kwa ukucha, akailaza juu ya meza. Nikataja bei.

"Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Haya, ikate. Urefu wa mkono mmoja, na ncha uichonge."

"Mama, unaumwa?"

"Mfanyabiashara gani wewe, unalazimisha watu wabishane? Kata."

Nikakata. Sikumhoji zaidi, maana nilishaelewa, na nilikuwa na sababu ya kutotaka kuelewa. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeketi kwenye kikao cha kamati ya mlima, katika kiti cha wafanyabiashara, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuka kumkatalia.

Duka langu liko chini ya mlima, hatua chache kabla ya geti. Nauza na kukodisha kile ambacho mpandaji husahau nyumbani: viatu, fimbo, kofia, chupa za maji. Watu wanaupanda mlima huu kwenda kuomba. Anakuja mwenye mgonjwa, mwenye kesi, mwenye kizazi kigumu, na mara mojamoja mwenye shukrani. Saa mbili za mwanzo ni ngazi tu, goti lolote linazimudu. Baada ya hapo ngazi zinakoma na inaanza sehemu tunayoiita Ubavuni. Huko njia imechongwa kwenye jabali lenyewe, upana wa mikono miwili, penye nafasi. Mkono wa kulia una mwamba. Mkono wa kushoto una hewa, na chini kabisa ya hiyo hewa kuna mto unaoonekana kama uzi ulioanguka sakafuni. Kinachomzuia mtu ni mnyororo uliopita ukutani, na kinachouzuia mnyororo ni vigingi vya chuma mia mbili na kumi na vinne vilivyopigwa ndani ya mwamba.

Hivyo vigingi ndivyo vilivyokuwa kazi ya Mama Nyundo. Kila kukipambazuka, kabla geti halijafunguliwa, mwanamke huyu mwembamba, mwenye suruali ya kiume chini ya gauni na kamba kiunoni, alipita Ubavuni na nyundo ndogo, akikigonga kila kigingi mara tatu. Wenyewe huita kazi hiyo kuuliza. Kigingi kilicho hai kinajibu *ting*, na mlio wake unakimbilia ndani ya jabali. Kilichokufa kinasema *du*, kama mtu anayeguna chini ya blanketi. Kikisema *du* anakitia alama ya chokaa, anaking'oa, anapiga kipya na kukimiminia risasi ya moto kukikaza. Hakuwa anashika chuma chochote kabla ya kukiuliza. Hata dukani kwangu, akipewa kiti, alikigonga kwanza.

Kazi aliirithi kwa mumewe, na aliirithi kitandani. Mapafu ya mzee yalijaa vumbi la mawe, na mwaka wake wa mwisho hakuweza kupanda hata ngazi za kanisa la jirani. Waliishi katika chumba kimoja nyuma ya ghala la kamati. Ukutani, mkabala na kitanda, mzee alikuwa amepigilia vigingi kumi na viwili, vingine vizima, vingine amevilegeza makusudi. Vilitundikwa nguo, sufuria, taa na mwavuli. Yeye alilala macho kayafumba, mkewe akigonga.

"Hiki?" angeuliza mzee.

"Kizima."

"Umeua mtu. Rudia."

Hapakuwa na chai mpaka avipatie vyote kumi na viwili. "Mwezi mzima," aliwahi kuniambia, "nilikuwa naua watu kabla ya kunywa chai."

Alikuwa na maneno makavu ya namna hiyo. Kuna mzaha wake mwingine alioupenda kuurudia kila wanawake wa sokoni walipozungumzia waume. Alisema mwezi wa kwanza wa ndoa yake, mumewe alikaa mlangoni wiki tatu akisugua kipande cha chuma kwa majivu, mafuta na kitambaa, mpaka kikang'aa kama kijiko. Alipomuuliza ni cha nini, akajibiwa, "Mpini wa mtu." Mama Nyundo anamalizia: "Bibi arusi ndani, bwana arusi nje. Chuma kilipapaswa kuliko mimi."

Mzee alikufa palepale kitandani, jambo lililowasikitisha baadhi ya watu, kwa kuwa walishaandaa hadithi ya kuanguka. Kamati haikutaka mwanamke Ubavuni. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye tayari alikuwa mwenyekiti, akasema tumwache kwa muda tu mpaka apatikane mwanamume. Muda huo ndio uliofikia miaka ishirini na miwili.

Katika mafunzo yote yale, mzee alimpa mkewe katazo moja. "Kile cha Kwanza usikiulize. Kile tunakijua."

Kigingi cha Kwanza, kwa hesabu, ni cha tisini na saba. Kiko kwenye kona, mahali njia inapobana kuliko kote. Watu husema kilipigwa na mtu wa kwanza kukifikia kilele, kabla ya mnyororo na kabla ya ngazi. Jabali pale limetokeza, kwa hiyo ukitaka kukiona kilele, unakishika kigingi kwa mikono miwili, unanyoosha mikono na kuulaza mwili wako nyuma, juu ya hewa. Hapo tu ndipo kilele kinaonekana, na hapo ndipo watu husema haja zao. Uzito wote wa mtu unakuwa juu ya chuma hicho kimoja. Viganja vilikuwa vimekisugua hadi ukaweza kuutazama uso wako ndani yake, na watu walikiamini kwa sababu hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilikiamini, mimi ambaye nikiletewa bidhaa inayong'aa kupita kiasi huwa naigeuza nyuma kwanza.

Mvua za mwaka huo zilipokatika, Mama Nyundo aliona mchirizi mwekundu kwenye mwamba, chini ya Kigingi cha Kwanza. Siku mbili alipita akijifanya hakuuona. Siku ya tatu akatoa nyundo. Akagonga mara tatu.

*Du.*

Alikuja kwenye kikao akiwa bado na vumbi la chokaa mikononi. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Shemeji, kimekufa," Mama Nyundo akamwambia.

"Nani kafa?"

"Kigingi cha Kwanza. Nimekiuliza."

"Nani kakutuma ukiulize?"

"Mwamba umetoa mchirizi mwekundu."

"Hiyo ni mvua."

"Mvua haina kutu, shemeji."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Kile ndicho mlima wenyewe," akasema. "Ukiking'oa, watu watapanda kufuata nini? Upepo?"

"Watapanda na watashuka. Kazi yangu ni hilo la kushuka."

"Kimekaa pale tangu babu wa mababu, leo ndiyo kisubiri zamu yako kife?"

"Basi fungeni ile kona. Watu wapite bila kukishika."

Hapo nikasema mimi. Nilisema watu wanatoka mbali kwa ajili ya kile kigingi, kamba ya kuwazuia watairuka, na zimebaki siku tisa kiangazi kianze, kipindi ambacho foleni huanzia getini ikapita mbele ya duka langu. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Mlima bila Kigingi cha Kwanza niliuona kama duka lisilo na mlango. Mwenyekiti akaitisha mikono, ikainuka yote, wangu ukiwamo. Kisha akaongeza la kwake: atakayekigusa kwa nyundo, kazi hana, na chumba akirudishe.

Mama Nyundo akamtazama. "Ulisema kwa muda tu," akamwambia. "Kumbe muda wenyewe ndio huu." Akatoka.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu na hakuwa na chumba kingine duniani. Akija mtu akining'inia kwenye chuma kile na kikakatika, angekufa mtu. Akiking'oa, angelala nje. Ndiyo maana siku ya nondo hakubishana bei.

Kesho yake, kabla sijafungua, mwenyekiti alinigongea dirisha. Miguuni alikuwa na viatu vya ofisini.

"Nipe vya kupandia," akasema. "Na wewe vaa. Twende."

Mlinzi wa geti alikuwa amemwambia kuwa Mama Nyundo amepanda alfajiri na mtaimbo, jiko la mkaa na kopo la risasi. Geti likabaki limefungwa. Nje walikuwa watu kama arobaini, wengine wameketi juu ya mizigo yao.

Ngazi zilimtoa jasho mwenyekiti hadi shati likabadilika rangi. Hakuwa amepanda kwa miaka kumi na sita. Tulipofika Ubavuni akauelekeza uso wake ukutani, akaushika mnyororo kwa mikono yote miwili, akawa anasogea ubavuubavu kama kaa.

"Usitazame chini, mwenyekiti."

"Chini? Sijatazama hata mbele."

Upepo ulikuwa unatoka korongoni kuja juu, unaingia ndani ya suruali. Nilivihesabu vigingi ili akili yangu ipate kazi. Nilipofika tisini na sita, tukamwona.

Alikuwa ameketi konani, kajifunga kamba kwenye kigingi cha jirani, miguu yake inaning'inia juu ya ile hewa. Jiko lilikuwa bado linafuka. Kigingi kipya kilikuwa tayari ukutani, cheusi, kibaya, na risasi inang'aa pembeni mwa tundu lake. Mapajani alikuwa na kitu amekifunika kwa kitambaa.

"Umeuvunja mlima!" mwenyekiti akapiga kelele. Upepo ukaichukua nusu ya sauti yake.

"Nilibeba mtaimbo," akajibu bila kugeuka. "Sikuutumia. Nimekivuta kwa mkono."

Akakifunua, akampa. Sehemu ya nje, ile tuliyoijua, ilikuwa nene na nzuri. Iliyokuwa ndani ya mwamba ilikuwa imeliwa, imekonda mpaka imekuwa kama kalamu mojawapo ya zile za mwenyekiti. Jasho na maji vilikuwa vimeingia humo miaka na miaka. Nikajikuta nakumbuka viatu. Wiki ile peke yake nilikodisha jozi zaidi ya mia, na kila aliyezivaa alikuja kujilaza hapa.

Mwenyekiti alikitazama. Lakini bado alikuwa mwenyekiti. "Hata hivyo," akasema, "ni kitu cha mababu. Hukuwa na haki."

"Kigeuze. Hapo risasi ilipokishika, kutu haikufika. Papase."

Akapapasa kwa kidole gumba. Nikaona kidole kikisimama. Kulikuwa na mikato mitatu midogo na nukta, alama ambayo mhunzi huiwekea kazi yake.

"Alama ya nyumbani kwetu," akasema polepole. Baba yao alikuwa mhunzi. "Ya baba."

"Baba yenu alikuwa anapiga mikato miwili, shemeji. Wa tatu aliongeza kaka yako."

Mwenyekiti akajishusha, akaketi kwenye njia, mgongo ukutani, chuma kifuani kama mtoto.

"Wiki tatu," Mama Nyundo akasema. "Majivu, mafuta na kitambaa. Mpini wa mtu."

Mzaha ule niliucheka mara ishirini katika maisha yangu. Siku ile niliusikia kwa mara ya kwanza.

"Na kabla yake?" mwenyekiti akauliza. "Aling'oa nini? Kile chenyewe?"

"Tundu lilikuwa na risasi za rangi tatu. Nimezikwangua mimi. Kuna aliyefanya kabla ya kaka yako, na kuna mwingine kabla ya huyo. Kila mmoja alibadilisha, akasugua, akanyamaza." Akafuta mkono kwenye gauni. "Nisingewasema. Kilichoniuma ni kwamba alinificha mimi. Angeniambia, ningekiuliza kila siku kama vingine. Miaka ishirini na miwili nimepita hapa nakiamkia kama mkwe, kumbe ni chuma chetu cha nyumbani, kinaoza, na watu wananing'inia."

Mimi ni mtu wa biashara, na nitasema nilichowaza. Niliwaza kwamba sasa atataja bei. Alikuwa na mali mkononi ambayo ingeweza kumnunulia chochote: mwenyekiti asingethubutu kumfukuza mtu anayejua jambo hilo. Ningekuwa mimi, ningeanzia juu na kushuka kidogokidogo.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa funguo za chumba, akaziweka juu ya mwamba kati yao.

"Watu waambie utakalo," akasema. "Waambie mwanamke kichaa ameking'oa, mimi sitabisha. Ila utakayemleta hapa baada yangu, mwambie hiki akiulize. Cha kwanza kabisa, kabla ya vyote. Ni hilo tu."

Mwenyekiti akazitazama zile funguo. Akatazama kile kigingi kipya, cheusi.

"Umekiuliza?"

"Mara tatu."

"Kiulize tena. Nisikie."

Akanyoosha mkono akagonga. *Ting.* Sauti ikaingia ndani ya jabali ikaenda. Mwenyekiti alifumba macho kuisikiliza, nikakumbuka kwamba kabla ya kalamu mbili na kamati, huyu alikuwa mtoto wa mhunzi, amekua akisikia chuma.

Akainuka. Akavua koti, akanipa. Akakishika kigingi kwa mikono miwili, akanyoosha mikono, na mwili wote ule akaulaza nyuma, juu ya hewa. Mnyororo ukalialia kwa uzito wake. Alitazama juu, kule kileleni, muda mrefu kuliko mtu mwenye haja moja. Alisema kitu. Upepo haukutuletea, na mimi sikumuuliza.

Aliporudi wima, akainama, akaziokota funguo, akamrudishia.

"Funguo usiache ovyo juu ya mawe, shemeji," akasema. "Zitaanguka."

Getini alisimama juu ya kreti langu la soda akawaambia watu kwamba kigingi kilikuwa kimechoka, kimepumzishwa, na kipya kimepigwa na mtu wa nyumba ileile. Hakusema uongo, na hakusema yote. Mama mmoja alilia. Bwana mmoja alitaka arudishiwe kiingilio. Kumi na mmoja waligeuka wakarudi makwao, na waliobaki wakapanda. Kiangazi kile kilikuwa kibaya dukani, sitaficha. Lakini nimeona vibaya zaidi, na hakuna kiatu changu kilichorudi bila mwenyewe. Sisi watatu tu ndio tuliojua yote. Mwaka jana mwenyekiti alipokaribia kufa, yeye mwenyewe alituruhusu tuyaseme, ndiyo maana naandika.

Cha zamani kiko chumbani kwa Mama Nyundo. Amekipigilia ukutani, cha kumi na tatu, upande wa kichwa cha kitanda. Anakitundikia koti la kazini. Nilimuuliza kama hakitaanguka. Akasema koti kinaliweza.

Kile cheusi sasa kinang'aa. Miaka sita ya viganja imetosha. Yupo binti wa dada yake anayejifunza kazi, na wiki iliyopita nilipanda nao kupeleka kamba. Konani tulikuta baba mmoja na wanawe wawili wakubwa waliolala kambini juu, wakishuka mapema. Baba alikuwa anawaeleza, huku akikipapasa kile chuma, kwamba hiki kilipigwa na mtu wa kwanza kukifikia kilele, kabla ya mnyororo, kabla ya ngazi, na tangu hapo hakijawahi kuguswa na nyundo.

Mama Nyundo alimwacha amalize. Halafu akatoa nyundo.

"Nipisheni kidogo, wanangu," akasema. "Nikiulize."